Mjomba Wakili anajibu: "Kiwanja kimoja, wanunuzi watatu, nami nimepata 4 kati ya 20"

Shikamoo Mjomba Wakili,

Mimi ni binti wa Morogoro, nasoma shahada ya sheria mwaka wa tatu Pune, jimbo la Maharashtra, India. Jinai naipenda, katiba naimudu, mikataba nilifaulu vizuri. Yaliyonishinda ni masomo mawili: Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1908 na Sheria ya Usajili, nayo ya 1908. Mwenendo wa madai nimeshaanguka mara moja. Huku wanaita ATKT, maana yake unaruhusiwa kuvuka mwaka huku ukilibeba somo begani. Nimelibeba, na sasa bega linauma.

Si kwamba sisomi. Nimekariri vifungu, hadi mwenzangu wa chumbani ananicheka kwamba nikiwa usingizini nataja kifungu cha 11 na Amri ya 7 kanuni ya 11. Lakini ikija hadithi ya mtihani, sioni kifungu kipi kinaanzia wapi.

Swali lililoniangusha wiki iliyopita ni hili. Januari 2022 bwana mmoja mwenye kiwanja Pune alikubaliana kumuuzia mnunuzi wa kwanza kwa rupia laki 40. Waliandikiana kwenye karatasi ya stempu ya rupia 500, hawakusajili. Mnunuzi alilipa laki 25, akakabidhiwa kiwanja, akajenga ukuta na kuweka mlinzi anayelala pale pale. Salio lilipwe na hati ya mauzo isainiwe kabla ya mwisho wa Desemba 2022. Muuzaji akawa anapiga chenga. Machi 2023 akamuuzia mnunuzi wa pili kwa laki 60, kwa hati ya mauzo iliyosajiliwa. Hao wawili wanaishi Mumbai na huko ndiko walikosainiana. Juni 2023 mnunuzi wa kwanza akafungua kesi. Agosti 2023, kesi ikiwa mahakamani, mnunuzi wa pili akamuuzia wa tatu, naye akasajili. Tunaulizwa: mshauri mnunuzi wa kwanza.

Mimi nilijibu kwamba ameumia. Aliyesajili ndiye mwenye mali, asiyesajili hana kitu, adai hela zake Mumbai anakokaa muuzaji. Nukta. Mwalimu alinipa 4 kati ya 20 na kuandika pembeni: "Umesimama getini. Ingia ndani."

Mjomba, nyumbani hati ndiyo mwisho wa maneno, au nimekosea? Na swali la pili naliuliza kwa aibu: baba anajinyima ili nisome huku. Hivi vifungu vya Wahindi vitanisaidia nini nikirudi? Au nihamie chuo cha nyumbani mapema kabla sijamaliza pesa ya mzee?

Mpwa wako aliyekwama,
Pune

*

Marahaba mpwa wangu.

Kwanza ondoa hilo la kuhama. Nitalirudia mbele, lakini nakuonjesha: Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania Bara ya 1966 ilichongwa kutoka kwenye hiyo hiyo ya India inayokunyima usingizi. Ukiikimbia Pune utaikuta inakusubiri Dar es Salaam, imevaa shati jingine.

Turudi kwenye kiwanja. Kosa lako ni la heshima, maana limetokana na kitu unachokijua. Umekulia mahali ambapo ardhi ikishasajiliwa chini ya sheria ya usajili wa ardhi, unachosajili ni miliki yenyewe. Ukifungua daftari la msajili unamwona mwenye mali. Ndiyo maana bibi huficha hati chini ya godoro. India haiko hivyo. Kule, chini ya Sheria ya Usajili, kinachosajiliwa ni waraka. Msajili msaidizi anaangalia kama waliosaini ndio hao waliojitokeza, kama ushuru umelipwa, kama muda haujapita, kisha ananakili waraka kwenye kitabu. Hakuulizi kama aliyekuuzia alikuwa na cha kuuza. Mtu anaweza kusajili hati ya mauzo ya nyumba ya jirani yake, na hati hiyo ikawa imesajiliwa barabara na isihamishe hata tofali.

Kwa hiyo wakili wa India akitaka kujua mali ni ya nani, hatafuti karatasi moja, anafuata mnyororo: nani alimuuzia nani, kwa waraka upi, kurudi nyuma miaka thelathini kwa kawaida. Hapo Maharashtra utasikia wanataja Index II, ile faharasa ya mali kwenye ofisi ya msajili, na satbara, yaani 7/12, ambayo ni kumbukumbu ya ardhi upande wa kodi. Satbara nayo inawachanganya wengi. Jina lako kuingizwa mle halikupi miliki. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilisema hivyo katika Sawarni dhidi ya Inder Kaur, 1996: kubadilisha jina kwenye kumbukumbu za mapato hakuumbi miliki wala hakuifuti. Kazi yake ni kujua kodi idaiwe kwa nani.

Ukishalimeza hilo, acha kuuliza "nani kasajili?" Uliza "waraka huu unafanya nini, na hauwezi kufanya nini?" Uliza hivyo kwa kila karatasi iliyomo kwenye swali lako.

Karatasi ya kwanza ni ile ya Januari 2022. Ni makubaliano ya kuuza, siyo mauzo. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Uhamishaji Mali ya 1882 kinasema wazi kwamba makubaliano ya aina hiyo peke yake hayaumbi haki yoyote ndani ya mali. Na mali isiyohamishika ya rupia 100 na kuendelea inauzwa kwa waraka uliosajiliwa tu. (Rupia 100! Kiwango hicho kiliwekwa karne ya kumi na tisa na kipo hadi leo. Sasa hivi hapo Pune kinakupa chai na vada pav kadhaa, si ardhi.) Mwaka 2011, katika Suraj Lamp dhidi ya Jimbo la Haryana, mahakama iliwakata ngebe waliozoea kuuziana nyumba kwa makubaliano, hati ya uwakala na wosia vikiwa vimefungwa pamoja kama furushi ili kukwepa ushuru. Furushi hilo halihamishi miliki.

Basi hapa ulikuwa sahihi: mnunuzi wa kwanza si mmiliki. Ila wewe ukafunga daftari, na alama 16 zilikuwa kwenye ukurasa unaofuata.

Kifungu cha 49 cha Sheria ya Usajili kinaeleza adhabu ya kutosajili waraka ambao sheria inataka usajiliwe: hauathiri mali, wala haupokelewi kama ushahidi wa muamala unaoathiri mali hiyo. Wanafunzi wengi huishia hapo, kama wewe. Lakini kifungu kina mkia, na mkia ndio unaotembeza mnyama. Waraka huo huo unaweza kupokelewa kama ushahidi wa mkataba katika kesi ya kumtaka mtu atekeleze alichoahidi, na pia kama ushahidi wa jambo la pembeni ambalo lenyewe halihitaji waraka uliosajiliwa. Mahakama Kuu Kabisa ilikazia hilo 2023 katika R. Hemalatha dhidi ya Kashthuri. Mnunuzi wa kwanza hawezi kusema "kiwanja ni changu". Anaweza kusema "aliniahidi, mlazimisheni". Ni kesi mbili tofauti kabisa, nawe ulimnyima ya pili kwa sababu hakuwa na ya kwanza.

Hapo hapo uwe mwangalifu na kifungu cha 53A cha sheria ya 1882. Najua umekikariri, kwa sababu kila mtu anakipenda: mnunuzi aliyeshika mkataba wa maandishi, akakabidhiwa mali na akawa tayari kumaliza sehemu yake, anakitumia kama ngao ili muuzaji asimtoe. Kabla ya 2001 ngao hiyo ilifanya kazi hata mkataba usiposajiliwa. Bunge likarekebisha mwaka huo, likaongeza kifungu cha 17(1A) kwenye Sheria ya Usajili, na tangu hapo mkataba usiosajiliwa hauna ngao ya 53A. Mteja wako hajasajili, basi iweke chini. Ukiandika 53A bila kutaja 2001, msahihishaji atajua umesoma kitabu cha baba yako.

Halafu kuna ile stempu ya rupia 500. Wewe hukuisema kabisa, na wenzako nao nadhani hawakuisema. Maharashtra ina sheria yake ya ushuru wa stempu ya 1958, na makubaliano ya kuuza yanayoambatana na kukabidhi mali yanatozwa ushuru kana kwamba ni hati ya mauzo yenyewe. Rupia 500 kwa kiwanja cha laki 40 ni mzaha. Wakili wa upande wa pili atasimama siku waraka unapotolewa na kuupinga, na atakuwa na hoja. Tofautisha magonjwa haya mawili: waraka usiosajiliwa bado una ile mianya ya kifungu cha 49, lakini waraka usiolipiwa ushuru kamili haupokelewi kwa kusudi lolote, hata la pembeni. Nafuu ni kwamba ugonjwa wa stempu una dawa. Unalipa pungufu na faini, waraka unapona, unaendelea. Mshauri mteja wako aandae pesa hiyo mapema.

Sasa mnunuzi wa pili, huyu uliyempa ushindi bure. Ana hati ya mauzo iliyosajiliwa na amelipa laki 60. Kisheria amepata miliki, sikatai. Swali ni kama miliki hiyo imekuja safi au imekuja na deni la ahadi ya muuzaji mgongoni. Kifungu cha 19(b) cha Sheria ya Nafuu Mahsusi ya 1963 kinasema mkataba unaweza kukaziwa hata dhidi ya aliyenunua baadaye, isipokuwa aliyelipa thamani, kwa nia njema, bila kujua mkataba wa mwanzo. Na mzigo wa kuthibitisha hayo yote ni wa huyo aliyenunua baadaye.

Atasema: nilijuaje? Nilipekua kwa msajili, makubaliano hayakuwepo. Hapo rudi kwenye kifungu cha 3 cha sheria ya 1882, sehemu ambayo wanafunzi huiruka kwa kudhani tafsiri za maneno hazitungiwi maswali. Maelezo ya pili chini ya neno "taarifa" yanasema anayepata mali isiyohamishika anahesabiwa kuwa na taarifa ya haki ya yeyote ambaye kwa wakati huo anaishika mali hiyo kweli kweli. Soma tena swali lako. Ukuta umejengwa. Mlinzi analala pale pale. Unadhani mwalimu alimleta mlinzi yule kupamba hadithi? Mnunuzi wa pili angetoka Mumbai hadi Pune, mwendo wa saa chache tu, akamuuliza mlinzi "unamlindia nani?", angejua kila kitu. Hakuuliza, sheria inamhesabu kama aliyeambiwa.

Usiishie kwenye kushangilia, bishana na nafsi yako. Kama pangekuwa na ukuta mtupu bila mtu, mnunuzi wa pili angedai kwamba ukuta hausemi, huenda aliujenga muuzaji mwenyewe. Na je, mlinzi wa kuajiriwa anatosha kuitwa kushika mali kweli kweli? Mimi naona anatosha, kwa kuwa anashika kwa niaba ya bosi wake. Lakini andika pande zote mbili. Alama zinakaa kwenye ubishi.

Mnunuzi wa tatu ni mwepesi zaidi. Kifungu cha 52 cha sheria ya 1882: kesi inayohusu haki juu ya mali isiyohamishika ikiwa inaendelea, mhusika wa kesi hawezi kuihamisha mali hiyo kwa namna itakayoathiri haki za mwenzake chini ya uamuzi utakaotoka. Kesi inahesabiwa inaendelea tangu hati ya madai inapowasilishwa hadi tuzo, yaani amri ya mwisho ya mahakama, itakapokuwa imetimizwa. Angalia vizuri, kifungu hakisemi mauzo ya Agosti ni batili. Ni halali, ila yamefungwa kamba kwenye matokeo ya kesi. Nia njema haimsaidii. Hata asiposikia habari ya kesi kabisa, amefungwa.

Ila subiri. Uko Maharashtra! Sheria ya Bombay ya 1939 ilirekebisha kifungu hiki, na pale marekebisho hayo yanapotumika, huko na Gujarat, kamba haikazi mpaka taarifa ya kesi iwe imesajiliwa kwa msajili. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mteja siku anapofungua kesi ni kupanda bajaji kwenda ofisi ya msajili na taarifa hiyo mkononi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kukaa mwaka mzima ukibishana na mnunuzi wa tatu. Vitabu vinavyoandikwa Delhi hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, au havilitaji kabisa.

Mpaka hapa tumetumia sheria ya mali na usajili, na bado hatujafungua mlango wa mahakama. Mwalimu wako alikutaka uufungue.

Mlango upi? Ulisema Mumbai, na nadhani kichwani ulikuwa na kifungu cha 20 cha mwenendo wa madai: mdaiwa anapoishi au sababu ya madai ilipotokea. Soma kifungu hicho kinavyoanza. Kinasema kiko chini ya mipaka iliyotangulia. Mpaka uliotangulia ni kifungu cha 16: kesi za kuamua haki au maslahi katika mali isiyohamishika, au za kurejeshewa mali hiyo, zifunguliwe mali ilipo. Kiwanja kiko Pune, kesi iende Pune, mahakama ya daraja la chini kabisa yenye uwezo wa kuisikiliza, kwa kifungu cha 15.

Kesi ya kuijua hapa ni Harshad Chiman Lal Modi dhidi ya DLF Universal, 2005. Kiwanja kilikuwa Gurgaon, Haryana. Mkataba ulikuwa Delhi, ofisi ya kampuni Delhi, na wahusika walikubaliana kwa maandishi kwamba mahakama za Delhi ndizo zitasikiliza. Mnunuzi akafungua Delhi mwaka 1988. Miaka kumi na saba baadaye Mahakama Kuu Kabisa ikasema Delhi haikuwa na mamlaka, kwa kuwa kilichodaiwa ni hati ya mauzo pamoja na kukabidhiwa kiwanja, na hilo haliwezi kutimizwa kwa kumbana mdaiwa binafsi tu. Makubaliano ya wahusika hayawezi kuipa mahakama mamlaka isiyokuwa nayo. Miaka kumi na saba, mpwa wangu, kisha unaambiwa uanze upya Haryana. Ndiyo maana tunaanza na mlango.

Kisha tarehe. Ibara ya 54 ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1963 inatoa miaka mitatu tangu siku iliyopangwa kutekeleza mkataba. Siku yetu ni mwisho wa Desemba 2022, kesi imefunguliwa Juni 2023, tuko ndani. Mstari mmoja unatosha, uuandike na usonge.

Ndani ya hati ya madai kuna jambo linalowaua mawakili wakubwa, achilia mbali wanafunzi: mdai athibitishe kwamba amekuwa tayari, na ana nia, kutimiza sehemu yake. Hiyo ni kifungu cha 16(c) cha Sheria ya Nafuu Mahsusi (usikichanganye na kifungu cha 16 cha mwenendo, nami nilikichanganya enzi zangu). Laki 15 ziko wapi? Taarifa ya benki ionekane. Marekebisho yaliyoanza kutumika 1 Oktoba 2018 yamepunguza sana hiari ya jaji ya kumnyima mtu nafuu hii ya kutekelezewa mkataba, lakini sharti la utayari limebaki. Aombe pia, kama mbadala, kurejeshewa laki 25. Kifungu cha 22 cha sheria hiyo kinaruhusu, na kifungu cha 55(6)(b) cha sheria ya 1882 kinampa mnunuzi dhamana juu ya mali kwa pesa aliyotanguliza. Adai yote sasa, maana Amri ya 2 kanuni ya 2 ya mwenendo wa madai haimpendi mtu anayegawa madai yake na kurudi kuchukua kiporo.

Siku hiyo hiyo aombe zuio la muda, Amri ya 39 kanuni ya 1 na 2. Vigezo ni vitatu na unavijua: kuna kesi ya kusikilizwa, mizani ya usumbufu inaegemea kwake, na hasara yake haitalipika kwa pesa. Kama kuna haraka, kanuni ya 3 inaruhusu zuio litoke kabla mdaiwa hajaitwa, jaji akieleza sababu, na kanuni ya 3A inaitaka mahakama ijitahidi kumaliza ombi ndani ya siku thelathini. Zuio lingetoka Juni, mnunuzi wa pili angeuza Agosti? Pengine angeuza, wapo watu wa hivyo. Lakini angekabiliwa na kanuni ya 2A: mali kukamatwa na kifungo cha madai hadi miezi mitatu. Katika swali lako hakuna zuio lililotajwa. Mwalimu ameliacha wazi ili uone kama utaliona.

Mnunuzi wa tatu aunganishwe kwa Amri ya 1 kanuni ya 10. Kama taarifa ya kesi ilisajiliwa, tuzo ingemfunga hata nje ya kesi, ila kumwacha nje ni kujitafutia kelele wakati wa kukazia tuzo.

Na tuzo yenyewe iandikweje? Hapa ndipo pazuri kuliko pote. Muuzaji hana tena kiwanja, amekwisha kukiuza. Unamlazimishaje ahamishe asichokuwa nacho? Katika Durga Prasad dhidi ya Deep Chand, iliyoripotiwa 1954, mahakama ilitoa muundo unaotumika hadi leo: muuzaji aamriwe kutekeleza mkataba wake na mdai, na mnunuzi wa baadaye aungane naye katika kuhamisha ili miliki aliyonayo ipite kwenda kwa mdai. Mnunuzi wa baadaye hawajibiki kwa ahadi za pembeni za muuzaji, anachotoa ni miliki tu. Wakikataa kusaini, Amri ya 21 kanuni ya 34 inaruhusu mahakama isaini kwa niaba yao. Waraka huo nao unalipiwa ushuru na kupelekwa kwa msajili wa Pune, kwa kuwa tuzo ya utekelezaji si hati ya mauzo.

Umeona njia ilivyozunguka? Tumeanza ofisi ya msajili, tumepita mahakamani, tumerudi ofisi ya msajili. Chuo kimekupa masomo mawili, walimu wawili na mitihani miwili, ukadhani ni vitu viwili. Kiwanja hakijui hilo.

Nyumbani sasa. Waingereza waliileta sheria ya 1882 Tanganyika mwaka 1920 pamoja na nyingine za India, na ilitumika hadi Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipoiondoa. Wakenya waliishi nayo hadi 2012. Sheria yetu ya mwenendo ya 1966 imebeba kwa kiasi kikubwa maneno yale yale ya 1908: Amri ya 7 kanuni ya 11 utaikuta palepale, Amri ya 21 ya kukazia utaikuta palepale. Zuio la muda limehamia Amri ya 37, na Amri ya 39 kwetu ni ya rufaa, kwa hiyo usije ukasimama Mahakama Kuu pale Kivukoni ukaomba zuio kwa Amri ya 39, watakucheka mpaka makarani. Vigezo vitatu vya zuio utavikuta katika Atilio dhidi ya Mbowe, 1969. Na kesi za India hutajwa sana mbele ya majaji wetu pale maneno ya sheria yanapofanana. Zinawashawishi, haziwafungi.

Kuhusu hati kuwa mwisho wa maneno: kwa ardhi iliyosajiliwa upo karibu na ukweli, ingawa hata kwetu udanganyifu unaweza kuifuta hati, na ardhi kubwa ya vijijini haijapimwa wala kusajiliwa kwa namna hiyo. Usimwambie bibi.

Fanya hivi wiki hii. Chukua karatasi, chora mstari mmoja, uweke tarehe zote: Januari 2022, Desemba 2022, Machi, Juni na Agosti 2023. Juu ya mstari andika kila waraka na kazi yake. Chini ya mstari andika hatua ya mahakama na kifungu chake. Kifungu kisichopata tarehe ya kukaa kiache, hata kama umekikariri. Kisha jibu swali upya kwa kurasa nne, umpelekee mwalimu wako ukamwombe akusahihishie bila alama. Akikuuliza habari ya mlinzi, muulize na wewe: je, mlinzi angekuwa ameenda likizo mwezi wa Machi?